Dondoo muhimu: Ukiokota hela ya Mjerumani

Neno "hela" tunalolitaja kila siku limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani. Huenda bado iko kwenye sanduku la bibi, au jembe likaiibua shambani. Ukiipata:

• Soma mwaka. Pesa za shaba za 1890–1892 zina maandishi ya Kiarabu. Rupia 1 ilikuwa pesa 64. Tangu 1904 ikawa heller 100.

• Tafuta herufi ndogo. A ni Berlin, J ni Hamburg. T ni Tabora, zilikotengenezwa heller 5 na 20 vitani mwaka 1916. Hizo zithamini sana.

• Usisugue. Majivu, mchanga na ndimu huharibu sura yake milele. Loweka kwenye maji safi, kisha kausha kwa kitambaa laini bila kufuta.

• Pima. Rupia ya fedha ina takriban gramu 11.66, wala hainaswi na sumaku.

• Hifadhi pakavu, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi.

• Andika ilikotoka: shamba lipi, mwaka gani, mzee alisimulia nini. Sarafu bila habari zake ni nusu ya urithi.