Mhusika Huntha katika Maktaba ya Darasa: Namna ya Kupima Kitabu

Maktaba ya darasa, hata ikiwa ni sanduku moja la vitabu pembeni mwa chumba, ni zana ya kufundishia kama zilivyo ramani na ubao. Kila kitabu kinachowekwa humo hakina budi kupimwa kwanza na mwalimu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kupima hadithi za watoto na vijana ambazo mhusika wake ni huntha, au ni mtu ambaye mapenzi yake au nafsi yake haifuati mkondo uliozoeleka. Nyingi zimeandikwa Marekani, na huko ndiko tutakakotoa mifano.

Kwanza, mwalimu atenganishe mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Uhuntha ni jambo la mwili: mtoto huzaliwa na kromosomu, homoni au viungo vya uzazi visivyolingana na mgawanyo wa kawaida wa kike na kiume. La pili ni mtu kumpenda mwenziwe wa jinsia yake. Ndilo lililomo katika Annie on My Mind ya Nancy Garden (1982). La tatu ni mtu kujijua kuwa wa jinsia isiyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa, kama mtoto wa darasa la nne katika kitabu cha Alex Gino kiitwacho George (2015), ambacho baadaye kilipewa jina la Melissa. Mwalimu asiyetenganisha haya atawapotosha wanafunzi wanapomwuliza.

Pili, mhusika awe mtu kamili. Tuchukue None of the Above (2015) ya I. W. Gregorio, ambaye pia ni daktari wa upasuaji. Kristin ni mkimbiaji wa mbio za viunzi. Ana baba, marafiki na mpenzi. Daktari anamweleza kwamba ana kromosomu za kiume na korodani zilizo ndani ya mwili, wala hana tumbo la uzazi, kwa kuwa mwili wake hauitikii homoni za kiume. Msomaji humjua kwanza kwa maisha yake, ndipo ajue habari ya mwili wake.

Tatu, kitabu kionyeshe dhara lilikotoka. Siri ya Kristin ilipovuja shuleni ndipo kejeli zilipoanza. Hapo mwalimu ajitazame, maana mara nyingi yeye ndiye ashikaye daftari la uandikishaji na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo inamtaja mtoto huntha, na kumpa haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu. Huenda mtoto huyo ameketi darasani mwako, nawe hujui.

Vitabu vya namna hii huzua mabishano. Huko Olathe, jimbo la Kansas, riwaya ya Garden iliondolewa katika maktaba za shule. Mwaka 1995 mahakama iliamuru irudishwe. Kwa hiyo tunapendekeza hatua hizi:

(a) Soma kitabu chote mwenyewe kabla ya kukiweka rafuni.
(b) Pima umri. None of the Above ni ya vijana wa sekondari. Mwalimu wa shule ya msingi aisome kwa faida yake mwenyewe.
(c) Andika sababu zako za kukiteua, umwonyeshe mwalimu mkuu.
(d) Usimtaje wala kumtazama mwanafunzi yeyote kitabu kinapozungumzwa.
(e) Mtoto akikueleza siri yake, ihifadhi. Akidhihakiwa, zuia dhihaka papo hapo.

Mtoto anayechekwa kila siku huanza kwa kukosa kipindi kimoja, na mwishowe huacha shule. Kitabu kilichoteuliwa vyema huwafunza wenzake kumwona kuwa mwenzao kabla hajafika huko.

Zoezi: Teua kitabu kimoja cha hadithi kilichomo katika maktaba ya chuo. Eleza, kwa kutumia vipimo vya hapo juu, kama mhusika aliye tofauti na wenzake ni mtu kamili au ni kichekesho tu.