Kaa Chini Upige Hesabu: Nilivyotafuta Kazi kwenye Rigi ya Mafuta

Somo la kutafakari: Luka 14:28-30



Leo nawasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu niliona aibu kulisema hata kwenye jumuiya yetu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimesoma VETA. Nimekulia Mtwara, na huku kwetu habari za gesi na mafuta tunazisikia kila siku. Ndoto yangu ilikuwa moja tu: kufanya kazi kwenye rigi, ule mtambo mkubwa wa kuchimba mafuta katikati ya bahari. Nikaanza novena kwa Mtakatifu Yosefu. Siku ya saba ukaingia ujumbe WhatsApp: nimechaguliwa kwenda rigi ya huko Ghuba, mshahara dola 6,000 kwa mwezi! Sikufanyiwa usaili wala kuulizwa cheti. Nitume tu shilingi 850,000 za viza na vipimo. Na huyo wakala kila akiandika anamalizia, "Mungu akubariki."

Nikajisemea, jibu la sala ndilo hili. Mama akatoa hela ya korosho, iliyokuwa ada ya mdogo wangu. Nikatuma. Baada ya siku nne akataka laki tatu nyingine. Nilipomwambia sina, namba ikazimwa.

Nilimwambia Mama usiku, huku natetemeka. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya kutuma, ulimwuliza nani?"

Jamani, sikuwa nimemwuliza mtu yeyote.

Neno linatufundisha nini?

Katika Luka 14, Yesu anaeleza gharama ya kumfuata, na anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu mwenye akili hukaa kwanza, akaangalia kama mfuko wake utatosha kumaliza. Asipofanya hivyo, msingi unabaki pale pale na watu wanamcheka. Tazama, Yesu haoni kupiga hesabu kuwa ni kukosa imani. Mimi nilidhani kuuliza maswali ni kumtilia Mungu shaka. Kumbe Mtume Paulo naye anatuagiza tupime kila jambo na kushika lililo jema (1 Thes 5:21). Kinachotoka kwa Mungu hakiogopi kuulizwa.

Hesabu ambazo sikuzipiga

Baadaye nilimtafuta kaka mmoja wa parokia yetu aliyewahi kufanya kazi baharini. Akanieleza mambo haya, nami nikayafuatilia mwenyewe:

1. *Rigi haimpokei mtu hivi hivi.* Kwa kawaida unatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya usalama yanayoitwa BOSIET. Unafundishwa kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa baharini, na kutoka ndani ya helikopta iliyopinduka majini. Mnafanyia kwenye bwawa, mmefungwa mikanda. Pia kuna vipimo vya afya. Mtu anayekuajiri bila kukuuliza hata kimoja, jiulize anatafuta nini kwako.

2. *Kazi ya kuanzia ni ngumu.* Asiye na fani huanza kama kibarua wa sitaha: kusafisha, kupaka rangi, kufunga mizigo ya kreni. Zamu ni saa 12 kwa siku, mara nyingi wiki 2 hadi 4 mfululizo, kisha mapumziko nchi kavu. Pombe ni marufuku. Ndiyo maana fani ni mtaji: wachomeleaji, mafundi umeme, mekanika na wapishi wote wanahitajika.

3. *Kazi hainunuliwi.* Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Ukiona ada ya kupewa kazi, simama hapo hapo. Kwa Tanzania, nenda TaESA uulize kama wakala huyo ana kibali. Kwa Kenya, uliza Mamlaka ya Taifa ya Ajira.

4. *Roho nayo ina gharama.* Dominika kadhaa utakuwa mbali na Misa. Kanisa linawakumbuka watu wa baharini kupitia utume wa Stella Maris, ulioanza Glasgow mwaka 1920, lakini rozari yako ubebe mwenyewe.

Mimi bado sijafika kwenye rigi. Nachomelea mageti na fremu za madirisha. Ada ya mdogo wangu nimeshairudisha, sasa naweka akiba ya mafunzo. Novena bado nasali, ila siku hizi nikimaliza kusali nachukua daftari.

Jiulize

- Je, nimewahi kutumia sala kama kisingizio cha kutouliza?
- Ni nani mwenye busara ninayeweza kumwonyesha "ofa" niliyopata kabla ya kutoa hata senti?

Tusali

Ee Mtakatifu Yosefu, uliyemlea Mwana wa Mungu kwa jasho la mikono yako, utuombee sisi tunaotafuta kazi. Utuombee subira ya kujifunza, macho ya kumtambua tapeli, na unyenyekevu wa kuomba ushauri. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Kama kuna kijana unayemjua anayetaka kutuma hela leo, mpigie simu kwanza. Mwulize lile swali la Mama.