SI NYOKA WALA SI NYUNGUNYUNGU

Mkulima wa Kakamega alimapo wakati wa mvua, jembe humfunulia viumbe virefu visivyo na miguu. Wengi ni nyungunyungu. Mara chache hutokea nyoka kipofu, mwenye magamba makavu yang'aayo. Lakini huko Taita, mbali upande wa mashariki, jembe hufunua mnyama wa tatu, afananaye na hao wawili bila kuwa wa jamii yao. Huyo ni sesilia, naye ni wa ukoo mmoja na chura.

Wataalamu wameigawa ngeli ya amfibia katika oda tatu. Ya kwanza ni ya vyura. Ya pili ni ya salamanda, wenye miguu na mkia, ambao hawapatikani Afrika kusini ya Sahara. Ya tatu, Gymnophiona, ni ya sesilia, yenye spishi zaidi ya 200. Mwaka 1758 bingwa Carl Linnaeus wa Sweden aliwahesabu pamoja na nyoka. Waliokuja baada yake walichungua maumbile ya ndani, wakawarudisha kwa amfibia.

Alama zake ni hizi. Ngozi yake ni laini, yenye unyevu na pete kama za nyungunyungu. Lakini ndani mna uti wa mgongo, na kinywani mna taya na meno. Macho yake ni hafifu mno. Kila upande wa uso ana kipapasi kidogo cha kumwongoza gizani. Chakula chake ni mchwa na nyungunyungu.

Sesilia wa Taita, Boulengerula taitana, alielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1935. Mwaka 2006 ilitangazwa jinsi alishavyo watoto: ngozi ya mama huwa nene, yenye mafuta, nao huibambua kwa meno maalum na kuila. Kwa juma moja mama hupungukiwa na sehemu 14 katika kila 100 za uzito wake.

Ndugu yake, Boulengerula niedeni, alielezwa mwaka 2005 kutoka kilima cha Sagalla, wala hajulikani kwingine kokote. Mikalitusi iliyopandwa kilimani hukausha udongo anaouhitaji. Udongo huo ukiharibika, hana pa kuhamia.

Basi yafaa walimu wawafundishe watoto kutazama kabla ya kuhukumu. Asiyemjua kiumbe asimshike kwa mkono. Lakini pia asiharakishe kuinua jembe.