Gauni la samaki bila mateso

Swali: Dada, sare ya harusi ya mdogo wangu ni kitenge, na wenzangu wote wanashona gauni la samaki. Mimi nina nyonga pana na siku hiyo nataka kucheza. Nifanyeje?

Jibu: Shona hilo hilo, ila mwambie fundi aanze kulichanua juu ya goti, si chini yake, maana hapo chini ndipo hatua inapobanwa. Kitenge cha pamba hakivutiki, kwa hiyo akupime nyonga umesimama, kisha umeketi, afuate kipimo kikubwa. Kiloweke na kukikausha kabla hakijakatwa, maana hurudi. Bitana iwe ya pamba; poliesta itakuchemsha. Ukienda kujaribisha, chuchumaa pale pale mbele ya fundi.