Chupa ya Zambarau, Chupa Nyekundu: Ijue Plazima na Seramu

Kijitabu cha familia, Kaunti ya Homa Bay

Kwa nini chupa mbili?

Umeketi maabarani, mkono umefungwa mpira. Umedungwa sindano mara moja tu, lakini damu imegawanywa katika chupa mbili: moja ina kifuniko cha zambarau, nyingine chekundu. Ukitoka nje, jirani anakunong'oneza kwamba damu hiyo huenda ikauzwa.

Haiuzwi. Chupa moja ya kupimia hubeba damu ya kujaza kijiko kimoja cha chai hivi, na mtu mzima ana takriban lita tano mwilini. Chupa ni mbili kwa sababu maabara inataka maji ya damu ya aina mbili. Aina ya kwanza ni plazima, ya pili ni seramu.

Tofauti utaiona siku ya kuchinja

Kinga damu ya mbuzi kwenye sufuria, uiache. Baada ya dakika chache inageuka donge laini kama ini. Ikikaa zaidi, donge linanywea na pembeni yanatoka maji ya manjano. Maji hayo ndiyo seramu.

Sasa mtazame anayeikoroga damu kwa kijiti tangu inapochuruzika. Yake haifanyi donge, ila kijiti kinatoka kimezongwa na nyuzi nyeupe-nyeupe. Nyuzi hizo huitwa faibrini. Kabla ya damu kumwagika zilikuwa zimeyeyuka ndani yake, na jina lake wakati huo ni faibrinojeni. Ukijikata ukiparua samaki, faibrinojeni hugeuka nyuzi, nyuzi zikasukana kuwa wavu. Mvuvi wa omena hahitaji maelezo zaidi: chembe za damu hunaswa, maji hupita.

Kwa hiyo:

- Plazima ni maji ya damu ambayo haijaganda. Uzi wa kusukia wavu bado umo. Ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote, na sehemu tisa kwa kumi za plazima ni maji matupu.
- Seramu ni maji yanayobaki damu ikishaganda. Uzi umekwisha kutumika.

Ukiyatazama kwa macho, yote mawili ni ya manjano. Na ile "seramu" ya kupaka usoni inayouzwa madukani haina uhusiano wowote na damu.

Maabara inavyoyapata

Chupa ya zambarau ina chumvi maalumu inayoishika kalsiamu, na bila kalsiamu damu haigandi. Ndiyo maana mhudumu huipindua taratibu mara kadhaa mara tu anapomaliza kukutoa damu. Mashine huizungusha kwa kasi, chembe zinashuka chini, plazima inabaki juu.

Chupa nyekundu huachwa imesimama kama nusu saa ili damu igande, ndipo izungushwe. Ukiambiwa usubiri, si uvivu wa mtu, donge halijakamilika.

Kipimo gani hutumia nini?

*Wingi wa virusi vya UKIMWI*, ambao wengi tunauita vairo lodi, hupimwa kwa kawaida katika plazima. Damu ikiganda, donge linaweza kunasa virusi na hesabu ikapotoka. Plazima inapaswa kutenganishwa ndani ya siku moja, kisha ikae kwenye baridi. Sampuli ya kisiwa cha Mfangano lazima kwanza ivuke ziwa kwa boti, na huenda ikasafiri hadi maabara kubwa kama ya KEMRI Kisumu. Ukipewa saa ya kufika kliniki, fika mapema ili damu yako isikose safari ya siku hiyo.

*Ini, figo, kaswende na homa ya ini aina ya B* mara nyingi hupimwa kwa seramu. Kwa vipimo vya figo chupa ya zambarau haifai, kwa kuwa chumvi yake ina potasiamu. Ukiipima potasiamu humo, utadhani mgonjwa yu hatarini kumbe ni chupa inayosema.

*Malaria* haitafutwi katika plazima wala seramu. Vimelea vyake hujificha ndani ya chembe nyekundu, hivyo tone la damu isiyotenganishwa kutoka kidoleni linatosha.

Plazima inayookoa maisha

Damu unayojitolea, takriban mililita 450, inaweza kutenganishwa. Chembe nyekundu humwendea aliyepungukiwa na damu. Plazima hugandishwa kwa barafu, na inaweza kumsaidia mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kwa kuwa ina vitu vya kugandisha. Seramu haiwezi kazi hiyo. Vitu hivyo vimeshatumika. Jambo jingine: kundi O hasi husifiwa kwa chembe zake, lakini kwa plazima anayeweza kuwapa watu wa makundi yote ni mwenye AB.

Ukienda kupimwa

1. Uliza kama unatakiwa kufunga kula. Maji kwa kawaida unaruhusiwa. Mishipa huonekana vyema ukiwa umekunywa.
2. Taja dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Damu yako itachelewa kuganda katika chupa nyekundu.
3. Ukipewa chupa uipeleke dirisha la maabara, usiitikise. Chembe zikipasuka, maji ya manjano hugeuka mekundu na sampuli inaweza kukataliwa.
4. Hakikisha jina kwenye chupa ni lako.

Siku moja huenda ukapigiwa simu: "Rudi, damu yako iliganda." Usiingiwe na hofu. Hujapatikana na ugonjwa mpya. Katika chupa ya zambarau damu ilisuka wavu wake kabla chumvi haijaiwahi, yaani ilifanya ileile kazi inayokuokoa ukijikata. Rudi, utoe kijiko kingine.