Risiti mbili zinatosha: mlinganyo wa mstari mnyoofu kwa anayefuata mzigo mwenyewe

Leo ni hesabu. Ukiona x na y usikimbie, humu kuna hela.

Dada mmoja anauza pochi mtandaoni, yuko Morogoro, mzigo anaufuata mwenyewe Kariakoo. Safari moja alichukua pochi 20, matumizi yote yakawa 190,000. Safari nyingine akachukua 50, yakawa 430,000. Akagawa 430,000 kwa 50, akapata 8,600. Sasa kamati ya harusi inataka pochi 10 na wanatoa 10,000 kwa kila moja. Dukani hana hata moja, itabidi asafiri. Ananiuliza, si napata faida ya 1,400 kila pochi?

Hapati. Akisafiri kwa ajili ya hizo 10 tu anapoteza 10,000.

Ile 8,600 ni kweli kwa pochi 50 tu. Ndani yake kuna hela za aina mbili. Kuna hela inayopanda kila ukiongeza pochi, na kuna hela ambayo haijali umebeba ngapi: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, boda kutoka stendi. Ukigawa unazikoroga pamoja. Mlinganyo wa mstari mnyoofu unazitenganisha:

y = mx + c

Hapa y ni matumizi yote, x ni idadi ya pochi. m ni hela inayoongezeka ukiongeza pochi moja, ndiyo ile shuleni tuliita gredienti. c ni hela ya kuanzia, ile ambayo ingetoka hata ungerudi mikono mitupu.

Kupata m, chukua tofauti ya hela ugawe kwa tofauti ya pochi:

m = (430,000 − 190,000) ÷ (50 − 20) = 240,000 ÷ 30 = 8,000

Angalia mpangilio hapo. Risiti uliyoanza nayo juu ndiyo uanze nayo chini. Ukichanganya utapata namba yenye alama ya kutoa, yaani eti kila ukiongeza pochi matumizi yanapungua. Kariakoo hiyo haipo.

Sasa tunajua m, na tunayo risiti moja ya kusimamia, tuseme ya pochi 20. Tunaandika:

y − 190,000 = 8,000(x − 20)

Maana yake: kilichozidi 190,000 ni 8,000 kwa kila pochi iliyozidi 20. Mimi naipenda hii namna kwa sababu unaiandika moja kwa moja kutoka kwenye risiti. Ila ukitaka kuiona nauli, igeuze. Fungua mabano:

y − 190,000 = 8,000x − 160,000

Hamisha 190,000 iende upande wa pili. Ikivuka inabadilika alama, inakuwa kujumlisha:

y = 8,000x + 30,000

Mambo yote hadharani. Pochi ni 8,000, safari ni 30,000. Jaribu na ile risiti nyingine: 8,000 × 50 = 400,000, ongeza 30,000, unapata 430,000. Imekubali.

Turudi kwa kamati. Pochi 10 zitamtoa 80,000 + 30,000 = 110,000. Kamati inalipa 100,000. Umeona? Kwa bei ya 10,000 kila pochi inamwachia 2,000, na safari inataka 30,000, kwa hiyo pochi 15 za kwanza zinarudisha safari tu. Faida inaanza ya 16. Nimemwambia awaombe 12,500 au asubiri oda nyingine aunganishe safari.

Sasa namna ya tatu ya kuandika mstari, ambayo wengi hawaoni kazi yake. Tuseme dada ana 430,000 mkononi. Akitoa safari anabaki na 400,000, na anataka kuchanganya pochi za 8,000 na mitandio ya 5,000. Angalieni, hapa y inabadilika kazi: x bado ni pochi, lakini y sasa ni idadi ya mitandio, siyo hela.

8,000x + 5,000y = 400,000

Gawa yote kwa 1,000, sifuri zinachosha:

8x + 5y = 400

Ikikaa hivi, ncha mbili za mstari unazipata bila kalamu. Pochi tupu ni 400 ÷ 8 = 50. Mitandio mitupu ni 400 ÷ 5 = 80. Chora hizo nukta mbili, unganisha, grafu tayari.

Lakini akitaka kujua pochi moja inamnyima mitandio mingapi, ageuze y ibaki peke yake:

5y = 400 − 8x
y = 80 − 1.6x

Hapa ukigawa kwa 5, gawa kila kitu. Wengi wanagawa 400 wanaisahau 8. Gredienti ni −1.6, yaani pochi moja inakula mtandio mmoja na zaidi ya nusu. Mtandio haukatwi, kwa hiyo twende kwa tano tano: ukiongeza pochi 5 unapunguza mitandio 8. Pochi 25 na mitandio 40 zinaenea. Akiongeza pochi 10, ziwe 35, mitandio inabaki 24.

Kurudi nyuma ni kinyume chake. Zidisha y = 80 − 1.6x kwa 5 upate 5y = 400 − 8x, halafu hamisha 8x irudi upande wa y.

Tahadhari: haya yote yanafanya kazi bei ya pochi ikiwa ni ileile. Duka likipunguza bei kuanzia dazeni kadhaa, mstari unavunjika pale. Dawa ni risiti ya tatu. Kwa dada yetu, pochi 30 zinatakiwa ziwe 270,000. Risiti ikisoma 255,000, ujue kuna bei mbili hapo, na kila bei ina mstari wake.

Zoezi: viatu vya watoto jozi 12 vimetoa 97,000, jozi 40 vimetoa 265,000. Ukiuza jozi 8,500, ni jozi ngapi zinarudisha safari? Ukipata 10 umeelewa.