Ramani za Kale Katika Somo la Jiografia

Mwalimu wa Hedaru anayo ramani hai mbele ya macho yake: milima ya Upare mashariki, bonde la mto Pangani magharibi. Lakini ramani nyingi za kale za nchi hizi zimo mbali, na baadhi zilikuwa mali ya watu binafsi. Ramani iliyofungiwa sandukuni haimfundishi mtu.

Dawa yake ni ushirikiano. Mkusanyaji huikabidhi maktaba ramani zake. Maktaba huzipiga picha na kuzieneza kwa intaneti. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilipata mkusanyo wa ramani za Afrika wa Oscar Norwich, daktari wa Johannesburg; mwaka 2016 kilifungua kituo chenye jina la mkusanyaji David Rumsey. Tuone jinsi ya kuzifundishia ramani za namna hiyo.

Hatua ya kwanza: Tuwaonyeshe wanafunzi ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856. Ina ziwa moja kubwa mno. Wenyeji wa misafara waliwaeleza kwamba kila njia ya kwenda bara huishia majini. Wao wakadhani maji hayo ni mamoja. Safari ya Burton na Speke ya 1857–1859 ilionyesha kuwa Tanganyika na Nyanza ni maziwa mbalimbali. Tuulize: nani alikosea, msafiri au mchoraji?

Hatua ya pili: Wanafunzi wakadirie umri wa ramani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Ramani inayoikomesha reli Mombo yaeleza habari za kabla reli haijapita Hedaru.

Hatua ya tatu: Wanafunzi wawaulize wazee kama wanazo ramani za zamani. Mzee akikubali, mwalimu aipige picha mbele yake, airudishe papo hapo, na kuandika ilikotoka. Asiionyeshe darasani bila ruhusa, kwani ramani ya mipaka ya mashamba yaweza kufufua ugomvi uliokwisha zikwa, na mwalimu si hakimu wa ardhi.

Tukifuata utaratibu huo, ramani itarudi kwa mwenyewe, na elimu yake itabaki darasani.